Kutoka Gairo hadi Muscat: ni kilomita ngapi, ni muda gani, na namna ya kusoma saa ya kwenye tiketi

Basi likitoka Gairo kwenda Dar es Salaam huchukua kwa kawaida saa 6 hadi 7 kwa barabara ya takribani kilomita 320. Ndege ikitoka Dar es Salaam moja kwa moja hadi Muscat, mji mkuu wa Oman ambao wengi wetu tunauita Maskati, huchukua kama saa 5 na nusu kwa umbali wa karibu kilomita 3,970. Kwa maneno mengine, kufika uwanja wa ndege kunaweza kuchukua muda mrefu kuliko kuvuka hadi Uarabuni.

Jambo hili limekuwa la kwetu. Wapo vijana wa vijiji vyetu, hasa mabinti, wanaokwenda kufanya kazi Oman na nchi nyingine za Ghuba. Wapo wazazi wanaobaki nyumbani wakihesabu saa, simu imezimwa, hawajui kama mtoto yuko angani, amekwama njiani au amepatwa na jambo. Na wapo wanaopoteza nauli yote, fedha iliyotokana na magunia ya mahindi na maharage, kwa sababu tu walisoma vibaya saa iliyoandikwa kwenye tiketi.

Makala hii inaeleza mambo manne: umbali unavyopimwa, muda wa safari unavyopatikana, kwa nini saa za huko si sawa na za kwetu, na namna ya kuisoma tiketi bila kukosea. Ili tusichanganyane, tunapotaja urefu wa safari tutaandika kwa tarakimu, kwa mfano saa 5. Tunapotaja saa ya ukutani tutaandika kwa maneno, kwa mfano saa tano asubuhi.

Umbali wa ndege unapimwaje?

Barabara hufuata mabonde na vilima. Kutoka Gairo kwenda Dar es Salaam unashuka hadi Dumila, unapita Morogoro chini ya milima ya Uluguru, kisha Chalinze na Kibaha. Kila kona inaongeza kilomita. Ndege haina kona hizo, kwa hiyo umbali wake hupimwa kwa mstari mfupi kuliko yote kati ya sehemu mbili.

Lakini dunia ni duara, na mstari mfupi juu ya duara si sawa na ule unaochora kwa rula kwenye ramani ya ukutani. Ukitaka kuuona, chukua chungwa na uzi. Weka alama mbili kwenye chungwa, kisha vuta uzi kati yake hadi ukaze. Njia uliyoishika uzi ndiyo njia fupi. Hivyo ndivyo wataalamu wa usafiri wa anga wanavyopima umbali kati ya miji.

Ukiukaza uzi huo kati ya Dar es Salaam na Muscat, unaelekea kaskazini-mashariki. Unapita karibu na pwani ya Kenya, unaikata Somalia hadi kwenye Pembe ya Afrika, unavuka bahari, kisha unaingia Oman upande wa Salalah na kumalizia juu ya jangwa. Rubani haachiwi kuufuata uzi huo kama alivyo. Anga ina njia zake, zinazosimamiwa na waongozaji wa ndege wa kila nchi, na wakati mwingine ndege huzunguka kidogo kukwepa mvua kubwa au eneo lililofungwa. Ndiyo maana kilomita ambazo ndege inaruka kweli huzidi kidogo zile za uzi.

Kwa nini saa 5 na nusu?

Ndege kubwa ya abiria ikishatulia angani huenda kati ya kilomita 800 na 900 kwa saa. Ukigawanya kilomita 3,970 kwa mwendo wa 850, unapata karibu saa 4 na dakika 40. Sasa ongeza muda ambao ndege inatembea ardhini ikitafuta njia ya kurukia, muda wa kupanda hadi juu, muda wa kushuka polepole, na muda wa kutembea tena ardhini hadi isimame mlangoni. Hapo ndipo zinapofika saa 5 na kitu, hadi saa 5 na nusu.

Upepo nao una sauti. Ndege hizi huruka urefu wa kilomita 10 hadi 12 kutoka usawa wa bahari, karibu mara mbili ya kilele cha Kilimanjaro. Huko juu upepo unaweza kuwa mkali sana. Ukiisukuma ndege kutoka nyuma, safari inafupika. Ukiipiga usoni, safari inarefuka. Kwa hiyo usishangae kwenda na kurudi kukatofautiana kwa dakika kadhaa ingawa miji ni ileile.

Upepo si jambo geni katika safari hii. Kabla ya ndege, watu wa Oman na wa pwani yetu walisafiri kwa majahazi wakiutegemea upepo peke yake. Kaskazi, unaovuma takribani kuanzia Desemba hadi Machi, uliwaleta kutoka Arabuni. Kusi, unaoanza mnamo Aprili, uliwarudisha. Safari ya upande mmoja ilichukua wiki kadhaa, na aliyechelewa msimu alisubiri miezi. Ni kwa njia hiyo Sultani Said bin Sultan wa Oman alifika Zanzibar na kuhamishia huko makao yake mnamo mwaka 1840. Na ni kwa sababu ya mahusiano hayo ya muda mrefu kwamba hadi leo, ukitembea Muscat, utakutana na watu wa Oman wanaozungumza Kiswahili majumbani mwao. Wengi ni wa familia zilizoishi Zanzibar na bara, zikarejea Oman hasa baada ya mwaka 1970.

Ndege ya moja kwa moja na ndege ya kuunganisha

Si kila tiketi inakwenda moja kwa moja. Nyingi, na mara nyingi zilizo nafuu, zinapitia mji mwingine ambako abiria anashuka na kupanda ndege ya pili. Hapa ndipo wengi wanapochanganyikiwa: safari ya saa 5 na nusu inakuwa ya saa 12, au hata zaidi.

Tuangalie kilomita. Ukipitia Addis Ababa, Dar es Salaam hadi Addis ni kama kilomita 1,760, na Addis hadi Muscat ni kama 2,630. Jumla ni karibu 4,390. Ukipitia Doha nchini Qatar, ni kama 3,820 kisha 700, jumla 4,520. Ukipitia Dubai, ni kama 3,980 kisha 350, jumla 4,330.

Unaona kwamba mzunguko wenyewe unaongeza kilomita 360 hadi 550 tu, ambazo kwa ndege hazifiki hata saa 1. Kinachokula muda ni kusubiri. Unaweza kushuka Addis saa tano asubuhi na ndege ya pili ikaondoka saa nne usiku. Muda huo wote msafiri yuko ndani ya uwanja, hana laini ya nchi hiyo, na huenda simu imeishiwa chaji. Kwa hiyo unaponunua tiketi usiulize bei peke yake. Uliza: inapitia wapi, na inasubiri kwa muda gani?

Jua halituchomozei wote kwa pamoja

Dunia inajizungusha mara moja kwa saa 24. Duara zima lina nyuzi 360, kwa hiyo kila saa 1 inazunguka nyuzi 15, na kila dakika 4 inazunguka uzi 1. Sehemu iliyo mashariki huliona jua kabla ya iliyo magharibi.

Wanaofunga Ramadhani hapa Gairo wanalijua hili. Redio ya Dar es Salaam ikiadhini Magharibi, jua la Gairo halijazama bado. Sisi tuko magharibi ya Dar es Salaam kwa nyuzi 2 na kidogo, kwa hiyo jua letu linachelewa kwa kama dakika 9. Ndugu zetu wa Kigoma wanachelewa zaidi, kama dakika 38. Hata hivyo sote tunatumia saa moja ya nchi, kwa sababu kila mji ungekuwa na saa yake, mabasi, shule na taarifa ya habari vingevurugika.

Muscat iko mashariki ya Dar es Salaam kwa nyuzi 19. Kwa jua, tofauti ni kama saa 1 na dakika 16. Kwa saa ya ukutani, Oman imepanga iwe saa 1 kamili mbele yetu. Hapa ikiwa saa mbili asubuhi, Muscat ni saa tatu asubuhi. Tofauti hiyo haibadiliki mwaka mzima.

Miji mingine ya Ghuba haifanani yote. Dubai na miji yote ya Falme za Kiarabu iko saa 1 mbele yetu kama Muscat. Doha, Riyadh na Jeddah ziko sawa na sisi kabisa. Addis Ababa pia iko sawa na sisi, na zaidi ya hapo, Waethiopia katika mazungumzo yao huhesabu saa kuanzia alfajiri kama sisi Waswahili. Lakini tiketi haihesabu hivyo, na hapo ndipo penye hatari.

Namna ya kusoma saa ya kwenye tiketi

Saa ya Kiswahili inaanza kuhesabu jua linapochomoza na linapozama. Saa ya tiketi inaanza kuhesabu usiku wa manane, na inakwenda moja kwa moja kutoka 00:00 hadi 23:59. Tofauti ni saa 6. Mtu akiona 04:30 akaisoma kuwa ni saa nne na nusu asubuhi, atafika uwanjani ndege ikiwa imeshavuka Somalia. Maana yake halisi ni saa kumi na nusu alfajiri.

Kanuni ni tatu, ziandike nyuma ya daftari:

1. Namba ya saa ikiwa kati ya 00 na 06, jumlisha 6. Kwa mfano 01:00 ni saa saba usiku, na 04:30 ni saa kumi na nusu alfajiri.

2. Namba ikiwa kati ya 07 na 18, toa 6. Kwa mfano 09:15 ni saa tatu na robo asubuhi, na 16:00 ni saa kumi jioni.

3. Namba ikiwa kati ya 19 na 23, toa 18. Kwa mfano 20:00 ni saa mbili usiku, na 22:30 ni saa nne na nusu usiku.

Tiketi nyingine hutumia herufi AM na PM. AM ni kuanzia usiku wa manane hadi kabla ya saa sita mchana. PM ni kuanzia saa sita mchana hadi kabla ya usiku wa manane. Kuwa makini na 12. Ukiona 12:30 AM, hiyo ni saa sita na nusu ya usiku, si ya mchana.

Mtego wa pili ni tarehe. Tarehe ya kwenye tiketi inabadilika usiku wa manane. Tiketi ikisema Jumatano 01:30, hiyo ni saa saba na nusu ya usiku wa Jumanne kuamkia Jumatano. Msafiri anatakiwa awe uwanjani Jumanne usiku. Anayelala Gairo Jumanne akisema "safari ni kesho" tayari ameikosa. Nasi tuna desturi ya kuita usiku kwa jina la siku inayofuata, wakati wengine huuita kwa jina la siku iliyopita. Kwa hiyo usiseme "usiku wa Jumatano" ukaishia hapo. Sema "usiku wa Jumanne kuamkia Jumatano", na kila mtu atakuelewa.

Mtego wa tatu: kila saa kwenye tiketi ni saa ya mji husika. Saa ya kuondoka ni ya mji unaotoka. Saa ya kufika ni ya mji unaofikia. Ndiyo maana ukitoa moja kwa nyingine hupati muda halisi wa safari mpaka uhesabu na tofauti ya saa.

Tuchukue mfano wa kwenda. Huu ni mfano wa kujifunzia tu, si ratiba ya shirika lolote. Tiketi inasema kuondoka Dar es Salaam 04:30, kufika Muscat 11:00. Ukihesabu kutoka 04:30 hadi 11:00 unapata saa 6 na nusu. Muscat iko mbele kwa saa 1, kwa hiyo unaitoa. Safari ni saa 5 na nusu. Kwa Kiswahili, ameondoka saa kumi na nusu alfajiri, amefika saa tano asubuhi ya Muscat, na hapa Gairo ni saa nne asubuhi.

Sasa mfano wa kurudi. Tiketi inasema kuondoka Muscat Jumatano 22:30, kufika Dar es Salaam Alhamisi 03:00. Ukihesabu unapata saa 4 na nusu. Safari hii unarudi nyuma kwa saa 1, kwa hiyo unaiongeza. Inakuwa saa 5 na nusu tena. Anayekwenda kumpokea lazima atoke Gairo Jumatano asubuhi, kwa sababu saa tisa ya usiku wa kuamkia Alhamisi mgeni atakuwa anatoka na mizigo yake.

Safari nzima, kutoka mlangoni hadi mlangoni

Turudi kwenye tiketi ya Jumatano 04:30 tuihesabu safari yote kwa mtu wa Gairo.

Ndege za kimataifa zinataka abiria awe uwanjani saa 3 kabla. Mashirika mengi hufunga kaunta ya kupokea mizigo saa 1 kabla ya ndege kuondoka, na ikishafungwa hata ukiiona ndege kwa macho huipandi. Kwa ndege ya saa kumi na nusu alfajiri, fika saa saba na nusu usiku. Safari za kimataifa za uwanja wa Julius Nyerere huondokea Jengo la Tatu, lililoanza kutumika mwaka 2019.

Mabasi ya mikoani huishia Kituo cha Magufuli, Mbezi Luis. Kutoka hapo hadi uwanja wa ndege bado kuna mwendo, na foleni za Dar es Salaam tunazijua. Njia nyingine ni kushuka hadi Morogoro kwa basi au gari dogo, kisha kupanda treni ya umeme ya SGR iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024. Treni hiyo hufika Dar es Salaam kwa muda usiofika saa 2. Reli hiyo haipiti Gairo, inapita upande wa Kilosa, kwa hiyo Morogoro mjini ndipo panapotufaa wengi wetu. Ukichagua treni, kata tiketi mapema na uache nafasi, maana treni haimsubiri mtu aliyekwama Dumila.

Basi msafiri wetu anaondoka Gairo Jumanne saa mbili asubuhi. Anafika Mbezi Luis kati ya saa nane na saa tisa mchana. Anapumzika kwa ndugu, anakula, anachaji simu. Saa sita usiku anaanza kwenda uwanjani. Saa saba na nusu yupo kwenye foleni. Saa kumi na nusu alfajiri ndege inaondoka. Saa nne asubuhi kwa saa zetu anafika Muscat. Uhamiaji na mizigo vinaweza kuchukua saa 1 au zaidi.

Kutoka Gairo hadi kutoka nje ya uwanja wa Muscat ni kama saa 27. Katika hizo, ndege imechukua saa 5 na nusu tu. Nyingine zote ni barabara, foleni na kusubiri.

Ukimya wa simu una kipimo chake

Ndani ya ndege simu huzimwa mawasiliano. Baadhi ya ndege zina intaneti ya kulipia, lakini usiitegemee. Kwa hiyo katika mfano wetu, mama aliyebaki Gairo ajue kwamba kuanzia saa kumi alfajiri hadi saa tano asubuhi, ukimya ni wa kawaida. Ikifika saa sita au saa saba mchana bado kimya, ndipo aanze kuuliza, kwanza kwa wakala aliyempeleka na kwa mwenyeji anayempokea.

Laini ya Tanzania huenda isifanye kazi huko bila kuunganishwa kabla ya safari. Simu ya kwanza inaweza kuingia kwa namba ngeni. Namba za Oman huanza na +968, za Falme za Kiarabu +971, za Qatar +974, na za Saudi Arabia +966. Ukijua hivyo hutaikata ukidhani ni tapeli. Jua pia kwamba kupiga simu kwa WhatsApp kumekuwa kukiwekewa vizuizi katika nchi kama Oman na Falme za Kiarabu. Ujumbe wa maandishi na wa sauti ndio wa kutegemea zaidi. Simu ya WhatsApp isipounganisha, haina maana mtoto amenyang'anywa simu.

Lakini saa hizo za ukimya zina hatari yake. Mtu akikupigia katikati ya safari akasema, "Binti yako amezuiwa uwanjani, tuma laki mbili haraka", chukua karatasi uliyoandika saa. Kama kwa hesabu yako bado yuko angani, huyo anayepiga anadanganya. Hakuna anayezuiwa kwenye uwanja ambao hajaufikia. Na hata kama muda wa kufika umepita, mwambie unataka kumsikia mwenyewe, kisha mpigie mwenyeji kwa namba uliyopewa kabla.

Herufi tatu zinazoweza kumlinda mtoto

Kila uwanja wa ndege una herufi tatu zinazoutambulisha duniani kote, na huandikwa kwenye tiketi. Dar es Salaam ni DAR. Zanzibar ni ZNZ. Nairobi ni NBO. Addis Ababa ni ADD. Doha ni DOH. Dubai ni DXB. Riyadh ni RUH. Muscat ni MCT.

Omba kuiona tiketi, hata kwa picha ya simu, kabla ya siku ya safari. Soma herufi za mwisho. Kama wakala amesema Oman na tiketi inaishia RUH, mtoto anapelekwa nchi nyingine. Kama amesema ataondokea Dar es Salaam na tiketi inaanzia NBO, uliza kwa nini anavushwa mpaka kwanza. Kuna maelezo halali yanayowezekana, lakini maelezo hayo uyapate akiwa bado nyumbani. Uliza pia kama wakala amesajiliwa. Mawakala wa ajira nje ya nchi wanatakiwa kuwa na leseni, na Wakala wa Huduma za Ajira Tanzania, TaESA, ni mahali pa kuulizia. Wakala asiyetaka mzazi aione tiketi amekwisha kujibu swali.

Kwa wanaokwenda mbali zaidi

Kanuni ni zilezile. Dar es Salaam hadi Mumbai, ambako baadhi ya wagonjwa wetu hupelekwa kutibiwa, ni kama kilomita 4,680 na safari ya moja kwa moja ni karibu saa 6. India iko mbele yetu kwa saa 2 na nusu, kwa hiyo ukitaka kumjulia hali mgonjwa saa mbili usiku ya hapa, kule ni saa nne na nusu usiku na huenda amelala. Dar es Salaam hadi Guangzhou, China, wanakokwenda wafanyabiashara, ni kama kilomita 8,700 na zaidi ya saa 10 angani. China iko mbele kwa saa 5. Air Tanzania imekuwa ikienda miji hiyo miwili kwa ndege zake kubwa za Boeing 787.

Uingereza ni tofauti kidogo. Wao hubadilisha saa mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo London huwa nyuma yetu kwa saa 2 wakati wa kiangazi chao na kwa saa 3 wakati wa baridi.

Ya kuandika kwenye karatasi moja

Kabla msafiri hajapanda basi hapa Gairo, kaeni naye mezani muandike haya, nakala moja abaki nayo mzazi na nyingine iende kwenye begi:

- Siku na saa ya kuondoka, kwa Kiswahili na kama ilivyo kwenye tiketi.
- Siku na saa ya kufika, kwa saa za huko na kwa saa za Gairo.
- Herufi tatu za kila uwanja atakaopitia, na muda wa kusubiri.
- Namba ya simu ya wakala na ya mwenyeji.
- Saa ambayo, kama hajasikika, familia itaanza kuuliza.

Kwa wengi wetu anayejua kusoma tiketi ni kijana wa nyumba ya pili au mwalimu wa shule ya jirani. Si aibu kumwomba. Msomee saa kwa sauti, naye akusomee, hadi mkubaliane. Na kama una tiketi mkononi na saa yake inakutatiza, tuma swali kwa ujumbe mfupi katika kipindi chetu cha asubuhi, bila kutaja jina la msafiri, nasi tutaihesabu pamoja hewani.